Mwendo wa Ng'ombe Usiku

Wizi wa benki ni kazi ya dakika chache. Kifungo chake katika sheria ya Tanzania, silaha ikitumika, hakipungui miaka 30. Anayekaa chini kuandika hadithi ya jambazi mzee anaanza na hesabu hiyo isiyolingana: dakika chache upande huu, miaka 30 upande ule, na msomaji aliyenunua bando lake akizitaka zile dakika. Waandishi wengi wanampa anachotaka. Dakika zinanyooshwa mpaka zinajaza kurasa 40, kisha miaka 30 inamalizwa kwa sentensi moja tu kwamba alipotoka gerezani nywele zilikuwa nyeupe.

Mimi si mtunzi wa riwaya. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu ujambazi na ulinzi wa kijadi Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita tangu miaka ya 1970. Lakini tatizo la mwendo linatuhusu na sisi. Jalada la polisi linahesabu dakika, mzee wa kijijini anahesabu misimu ya mvua, na mwanafunzi anatakiwa atoe sura moja kutoka kwa wote wawili. Kabla ya kuandika nilijipa muda wa kusoma hadithi za wahalifu, nione wenzetu wanaotunga wanafanyaje.

Afrika Mashariki tunaye mnyang'anyi wa benki mmoja aliyezeeka mbele ya macho ya wasomaji wake. John Kiriamiti alizaliwa Murang'a mwaka 1950. Januari 1971, kabla hajatimiza miaka 21, mahakama ya Kenya ilimhukumu kifungo cha miaka 20 na viboko kwa unyang'anyi uliofanyika Naivasha Novemba 1970. Kitabu chake cha kwanza, My Life in Crime, kilitoka mwaka 1984 yeye akiwa bado ndani, na akaachiwa miezi michache baadaye. Nadhani hakuna kitabu cha Kiingereza kilichoandikwa na Mkenya ambacho kimepita mikono mingi ya vijana kuliko hicho. Nakala niliyosoma mimi ilikuwa haina jalada wala kurasa sita za mwanzo, na mwenye nayo alinikabidhi kama mtu anayekabidhi simu yake.

Kitabu kile kinakimbia. Jack Zollo, ambalo ndilo jina la mhusika wake, anafukuzwa shule, anajifunza kuchomoa mifukoni Nairobi, anahamia kwenye magari, anafika kwenye benki, na kila hatua inasimuliwa kwa pumzi ileile. Gari linaibwa ili liendeshwe kwenye tukio, fedha zinagawanywa, zinatumika, zinaisha, kazi nyingine inapangwa. Hakuna anayezeeka humo. Hakuna hata anayelala usingizi wa maana. Kisha hukumu inasomwa na kitabu kinafungwa, na ile miaka 13 ambayo mwandishi aliishi kweli, ambayo ndani yake kitabu chenyewe kiliandikwa, haimo.

Sasa angalia alivyofanya baadaye. Mwaka 1989 alitoa My Life with a Criminal, akairudia miaka ileile kwa sauti ya Milly, mchumba wa Zollo. Matukio ni yaleyale ila saa imebadilika. Wizi ambao katika kitabu cha kwanza ulichukua kurasa kadhaa, kwa Milly ni jioni moja ya kusikiliza kama gari linasimama nje. Mwaka 1994 akaandika Son of Fate, juu ya mtu aliyetoka jela anayezunguka mjini akitafuta kazi ambayo haipo. Hatimaye, mwaka 2004, akiwa na miaka 54, akatoa My Life in Prison. Hesabu mwenyewe: zile dakika alizisimulia akiwa na miaka 30 na kidogo, ile miaka alihitaji miongo miwili mingine kabla ya kuiandika. Kwa maoni yangu vitabu hivyo visomwe kama kitabu kimoja kilichochapwa kwa awamu, ambacho mwendo wake unapungua kadiri mwandishi anavyopata mvi.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa kitabu cha kwanza hulisahau. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 sheria ya Kenya ilibadilishwa, na unyang'anyi wa kutumia nguvu ukapewa adhabu ya kifo. Angekamatwa baadaye kidogo, tungebaki na ukurasa wa gazeti tu.

Riwaya zetu za Kiswahili za upelelezi hazikumtaka jambazi mzee. Zilimtaka shujaa asiyezeeka. Willy Gamba wa Elvis Musiba alianza kazi kwenye Kufa na Kupona mwaka 1974 na magoti yake hayakuuma mpaka mwisho. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni hivyohivyo. Ninawapenda wote wawili na sioni sababu ya kuwalaumu, maana walizaliwa wakati ambapo maadui wa nchi walikuwa makaburu na wahujumu, na mtu wa kupambana na hao hakupewa likizo ya kuugua shinikizo la damu. Marekani walimpata mzee wao katika Forrest Tucker, aliyezaliwa mwaka 1920, akatoroka gereza la San Quentin mwaka 1979 kwa mtumbwi waliouunda wenyewe na wenzake wawili, akakamatwa tena Florida mwaka 1999 baada ya kuiba benki akikaribia miaka 79, akafia kifungoni mwaka 2004. David Grann aliandika habari zake kwenye The New Yorker mwaka 2003, na mwaka 2018 ikatoka filamu ambamo Robert Redford ndiye Tucker. Filamu ile inakwenda taratibu na kwa tabasamu, mzee anatoa salamu kwa mhudumu wa benki, mhudumu anamsifu kwa adabu yake. Ni filamu nzuri. Lakini upole wake unatokana na kwamba hakuna anayeonekana kuumia, na hapo ndipo inaponiacha mimi mtu wa Shinyanga.

Kwetu benki ilikuwa na miguu minne. Serikali ilipotaifisha mabenki Februari 1967, Benki ya Taifa ya Biashara ilibaki kuwa ndiyo benki, na tawi lake lilikuwa mjini, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli kutoka vijiji vingi. Mkulima wa pamba akilipwa na chama cha ushirika hakuzipeleka fedha zile dirishani. Alinunua ng'ombe. Ng'ombe ndiye akiba, ndiye mahari ya kijana, ndiye ada ya shule na dawa ya msimu mbaya, na riba yake ilionekana kwa macho kila ng'ombe alipozaa. Kwa hiyo mnyang'anyi wa benki wa Usukuma hakuhitaji ramani ya jengo. Alihitaji kujua zizi, mbwa wangapi, na mwezi unatoka saa ngapi.

Hapa ndipo suala la mwendo linapogeuka kutoka ufundi wa kusimulia na kuwa sababu ya kihistoria. Mwizi wa benki ya Nairobi anatembea kwa mwendo wa gari. Mwizi wa ng'ombe anatembea kwa mwendo wa ndama dhaifu kuliko wote kundini. Hata awe na bunduki, hata awe na wenzake kumi, ng'ombe hawakimbii usiku kucha. Watakojoa, watasimama, watataka maji. Nyayo zao zitabaki kwenye mbuga nyeusi kama maandishi. Anayewafuatilia kwa miguu asubuhi ana nafasi ya kweli ya kuwafikia kabla hawajaingia kwenye misitu ya miombo upande wa Kahama na Biharamulo, au hawajavuka mbuga ya Wembere. Ndiyo maana silaha ya kwanza ya wanakijiji ilikuwa sauti. Yowe la hatari, mwano, likipigwa nyumba moja linapokelewa na ya pili, na kijiji cha mbele kinaamka kabla wezi hawajafika. Sauti inatembea kasi kuliko ng'ombe.

Serikali ilitaka mwendo mwingine. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha operesheni Mwanza na Shinyanga dhidi ya wimbi la mauaji na wizi wa mifugo. Watu wengi walikamatwa kwa mkupuo, wakahojiwa kwa mateso ili wakiri haraka, na baadhi yao walifia mikononi mwa waliowashika. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, alijiuzulu, akisema dhamana ya kisiasa ni yake ingawa mkono haukuwa wake. Shuleni tukio hilo tulifundishwa kama somo la uwajibikaji na wasifu wa kiongozi aliyekuja kuwa Rais mwaka 1985. Sawa. Lakini katika simulizi hiyo waliokufa hawana hata aya yao, wanapita kama miaka ile ya Kiriamiti.

Baada ya hapo ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979. Vita ilipoisha, bunduki hazikurudi zote ghalani, na uvamizi wa mazizi ukawa wa risasi. Operesheni Vijiji ilikuwa imekwisha kuwahamisha watu, majirani wa zamani wametawanywa, na mtu alilala karibu na asiyemjua ukoo. Ndani ya mazingira hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Sungusungu walizaliwa upande wa Kahama na mipaka ya Unyamwezi, wakaenea Usukuma yote kwa muda mfupi. Jina ni la wale wadudu weusi wanaouma kwa pamoja. Walikuwa na upinde na mishale, filimbi, mtemi wao, makamanda wao, na dawa. Ray Abrahams wa Cambridge, aliyewafahamu Wanyamwezi tangu miaka ya 1950, aliandika juu yao mwaka 1987, na Sufian Bukurura akaja kuandika tasnifu nzima.

Wasomi wengi wanauliza ni vipi mishale ilishinda bunduki. Swali hilo limebeba mwendo wa sinema, watu wawili wamesimama uso kwa uso. Jibu ninaloliona mimi liko kwenye hatua za ng'ombe. Bunduki inashinda kwenye zizi kwa dakika tano. Mishale inashinda saa kumi baadaye, kilomita 20 mbele, mwenye bunduki akiwa amechoka, ana kiu, amezungukwa na vijiji vitano vilivyoamka na risasi zake zinahesabika. Sungusungu waliuondoa ugomvi kwenye zile dakika na kuupeleka kwenye saa, kisha kwenye miezi. Aliyetajwa kuwa mwizi aliitwa mkutanoni, alitozwa faini ya ng'ombe, na akikaidi alitengwa: hakuna wa kumpa moto, maji, wala salamu. Kutengwa ni adhabu ya polepole kuliko risasi, na wazee wanasema ilikuwa ikiogopwa zaidi.

Sitaki kuwapamba. Palikuwa na waliouawa kwa neno la mganga, na palikuwa na akina mama vikongwe waliotajwa pamoja na wezi kana kwamba uchawi na wizi wa ng'ombe ni shauri moja. Dola iliwakamata baadhi ya viongozi wao, chama kikawakingia kifua, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa kuwatambua. Nimesoma watu wanaowaita demokrasia ya wananchi na wanaowaita magenge, na kila upande una vijiji vyake vya mfano.

Kisha dhahabu ikabadilisha mwendo tena. Geita dhahabu ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, na mgodi wa zamani ulichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Lakini ni pale Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo mwaka 1990 ndipo rashi zilipotapakaa, Kahama mpaka Geita, na utajiri ukapungua uzito. Mali ya zizi zima sasa iliingia kwenye kichupa cha dawa. Haiachi nyayo mbugani, haihitaji maji wala haina ndama wa kuichelewesha. Kwenye makambi ya maduara na makarasha, ambako nusu ya watu wamefika wiki iliyopita na hakuna anayejua jina la babu ya mwenzake, mwano haupokelewi. Mvamizi wa mnunuzi wa dhahabu alirudishiwa zile dakika ambazo Sungusungu walikuwa wamemnyang'anya mwizi wa ng'ombe. Masoko ya madini yalipofunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa la kwanza, moja ya faida zake ambazo hazizungumzwi sana ni kwamba biashara iliwekwa mchana, kwenye uzio, mbele ya polisi na mizani.

Sheria ilijibu wepesi huo kwa uzito. Mwaka 1994 kima cha chini cha adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha kilipandishwa hadi miaka 30. Fikiri maana yake. Kabla ya hapo jambazi mzee alikuwa mtu wa nadra. Sasa anatengenezwa na kifungu cha sheria. Kijana aliyehukumiwa akiwa na miaka 25 atatoka akiwa na 55, na hata akipunguziwa sehemu ya kifungo kwa tabia njema anatoka mtu mzima. Waliofungwa wa mwanzo chini ya sheria hiyo wamekwisha kuanza kurudi.

Kwa bahati, mahali ambapo unyang'anyi unasimuliwa taratibu kuliko kote ni mahakamani. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma hukumu za rufaa kutoka Shinyanga na Mwanza, ambazo siku hizi ziko wazi mtandaoni kwa yeyote. Nyingi zinarejea shauri moja la mwaka 1980, Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ambalo kila mwanafunzi wa sheria analijua. Linasema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na usitumike mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Na ili kuuondoa, jaji lazima aulize: shahidi alimwona mshtakiwa kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa usiku au mchana, na mwanga ulikuwaje? Alikuwa akimfahamu kabla?

Ukizisoma hukumu hizo moja baada ya nyingine unaona jambo la ajabu. Polisi na mwendesha mashtaka wanasimulia kwa kasi ya Kiriamiti wa mwaka 1984: walivunja mlango, wakapiga risasi juu, wakachukua fedha, wakatokomea. Jaji wa rufaa anawasimamisha. Taa gani? Ya chemni au ya sola? Ilikuwa mezani au imening'inia? Ilimulika upande wa nani? Kama majambazi ndio walioshika tochi, shahidi aliona uso au aliona mwanga tu? Shahidi alimtaja mshtakiwa usiku uleule, au alimkumbuka baada ya wiki? Wapo waliotoka baada ya miaka kadhaa kwa sababu ya swali la taa, na wapo ambao taa ilitosha kuwabakiza ndani. Sijawahi kusoma mhakiki wa fasihi aliyeeleza umuhimu wa kupunguza mwendo vizuri kuliko majaji hao, ambao wala hawajui kwamba wanahakiki.

Mmoja wa waliorudi alikubali kuongea nami, kwa sharti kwamba nisitaje jina, kijiji wala mwaka. Alifungwa akiwa na miaka 31 kwa kuvamia duka la mnunuzi wa dhahabu. Nilifika kwake asubuhi nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, akaitika na kunitolea kigoda. Aliniita ng'wanone, mwanangu, tangu mwanzo, ambayo kwa mtafiti ni heshima na ni kamba, kwa sababu mtoto hamhoji baba, anasubiri.

Rekodi ya mazungumzo yetu ina saa mbili na dakika 40. Nilipoisikiliza kwa ajili ya kuinakili nilipima. Uvamizi wenyewe umechukua sekunde 50. "Tulikuwa wanne. Tuliingia, tukachukua, mmoja akapiga mtu, tukatoka. Mimi nilikamatwa siku ya tatu." Hapo kuna kimya, kuku wanasikika. Aliyepigwa alibaki na ulemavu wa mkono, hilo nililijua kutoka kwenye hukumu. Nilimuuliza kama waliwahi kuonana. Akasema, "Tunaonana gulioni," kisha akaniuliza kama maji ninayokunywa ni ya chumvi.

Muda uliobaki aliutumia kwingine kabisa. Dakika 20 nzima juu ya zamu ya kupika ugali wa wafungwa mia kadhaa na jinsi mwiko unavyokunja mgongo. Juu ya barua za mama yake, ambazo aliandikiwa na mwalimu wa kijiji, mpaka mwandiko ulipobadilika akajua mwalimu amehamishwa, mpaka barua zilipokoma akajua jambo jingine. Juu ya ng'ombe wa baba yake kumi na wawili, waliouzwa mmoja mmoja, wa wakili, wa nauli za kumtembelea, wa msiba. Alijua kila mmoja kwa rangi na kwa mwaka aliouzwa, ingawa hakuwapo hata mara moja. Nilipohesabu kwenye daftari langu, zizi lilikuwa limekwisha kabla kifungo hakijafika nusu.

Tasnifu ina ukomo wa maneno. Idara inataka tukio lielezwe, chanzo kitajwe, na nadharia iwepo. Kuhusu mwiko wa ugali hakuna mwongozo. Nimeamua kuzipa zile sekunde 50 aya moja pamoja na mkono wa yule muuza duka, maana kuuacha kungekuwa ni kuandika filamu ya Redford. Ng'ombe kumi na wawili nimewapa kurasa tano, kila mmoja na mwaka wake.

Alipoachiwa alipanda basi mpaka Kahama, akashuka stendi jioni. Alikuwa ameiacha Kahama ndogo, ameikuta mji wa magorofa na pikipiki, kila kona mtu anamwita mteja. Kijijini kwao alikuwa akienda kwa miguu zamani, akikata kona penye mkwaju mkubwa. Vijana wa bodaboda walimtajia nauli, akaiona ni kubwa mno, akaamua kutembea. Alitembea usiku ule wote. Mkwaju haukuwepo, lakini aliijua njia kwa mteremko wake, na alipofika nyumbani, kabla ya kubisha hodi, alikwenda kwanza nyuma kuangalia zizi. Palikuwa pamelimwa mahindi.